Nani atalipa? Shajara ya kujiandaa kwa usaili wa mikopo ya majengo, Arusha

Jumatatu

Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mchambuzi wa mikopo ya majengo, hapa hapa Arusha. Barua imeeleza utaratibu: mwombaji anapewa faili la mkopaji, anakaa nalo saa mbili, anaandika pendekezo la ukurasa mmoja, kisha anaingia mbele ya jopo kulitetea. Hakuna maswali ya kukariri. Wanataka kumwona mtu akiamua juu ya fedha za wenye akiba.

Maandalizi haya nayafanya kama mradi na nayaandika hapa, kwa kuwa mifano mingi niliyoikuta ni ya maghorofa ya Marekani, yenye wapangaji wa mikataba mirefu na riba nafuu. Kwetu, wastani wa riba za mikopo ya mabenki umekuwa ukizunguka asilimia 15. Fomula hazibadiliki, lakini kila namba unayoiingiza ndani yake inatoka kwenye mitaa yetu, na lazima mtu aijue ilikotoka.

Mpango wangu: nitatunga faili la jengo moja na nilitafune mpaka nilijue, kisha loji moja ya kitalii, kwa sababu Arusha bila utalii si Arusha. Kila hesabu naifanya kwanza kwa kalamu na kikokotoo, ndipo niihamishie Excel.

Jumanne, kuzunguka mjini

Nimetembea kutoka Soko Kuu hadi Mnara wa Saa, nikapanda daladala kwenda Njiro, nikiuliza bei za fremu na ofisi. Nimeuliza madalali, kisha nikawauliza wapangaji wenyewe. Majibu hayafanani. Bei ya dalali ni ya kuanzia mazungumzo. Anayolipa mpangaji baada ya kupatana huwa chini yake. Kwenye faili la benki inayohesabika ni ile iliyo kwenye mkataba na kwenye taarifa ya benki ya mwenye jengo, na hizo mbili zikitofautiana, taarifa ya benki ndiyo ishike.

La pili: kodi ya pango hapa hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima mbele. Mwenye jengo anapokea fungu kubwa mara moja au mbili kwa mwaka, wakati benki inasubiri rejesho kila mwezi. Kati ya mkupuo na mkupuo kuna ada za shule, kuna harusi, kuna msingi wa nyumba nyingine Usa River. Jengo linaweza kuwa na mapato ya kutosha kwa mwaka na bado rejesho la mwezi wa tano likakosekana. Tiba yake iko kwenye masharti ya mkopo: kodi zote ziingie akaunti iliyo kwenye benki hiyo hiyo, na fungu la marejesho litengwe siku mkupuo unapoingia.

La tatu ni kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi. Mfanyabiashara anayehama humdai anayeingia kilemba cha fremu, wakati mwingine kikubwa kuliko kodi ya mwaka. Kilemba kinaonyesha kwamba eneo linapendwa, na hilo naliandika. Kwenye mapato ya jengo hakiingii hata shilingi, kwa kuwa kwa kawaida hakipiti mkononi mwa mwenye jengo.

Jumatano, hesabu

Jengo langu la mazoezi nimeliweka kando ya barabara ya Njiro: fremu chini, ofisi juu. Namba nimezitunga kwa zoezi, si takwimu za soko.

Eneo la kukodisha ni mita za mraba 1,800. Fremu ni mita 600 kwa shilingi 20,000 kwa mita kwa mwezi, yaani milioni 12. Ofisi ni mita 1,200 kwa shilingi 12,000, yaani milioni 14.4. Jumla milioni 26.4 kwa mwezi, milioni 316.8 kwa mwaka. Hii ndiyo namba ambayo mwenye jengo huja nayo benki.

Naanza kupunguza. Nafasi tupu na wasiolipa, asilimia 15: zinabaki milioni 269.3. Gharama za kuendesha jengo: walinzi, usafi, maji, umeme wa ngazi na korido, jenereta, bima, matengenezo, kodi ya ardhi, na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021. Nimeziweka milioni 67.3. Mapato halisi yanakuwa takriban milioni 202.

Mkopaji anaomba bilioni 1 kwa miaka 10, riba asilimia 15. Rejesho la mwezi linatoka shilingi milioni 16.13, kwa mwaka milioni 193.6. Gawanya 202 kwa 193.6: unapata 1.04. Huo ndio uwiano wa mapato kwa marejesho, wenyewe huita DSCR. Mkopeshaji makini huanza kuzungumza penye 1.25 au 1.3. Kwa 1.04, paa likivuja mara moja au lifti ikiharibika, rejesho limeyumba.

Sasa tazama upande wa dhamana. Mkopaji ameleta thamani ya bilioni 2.2, iliyokokotolewa kwa bei ya kiwanja na gharama za kujenga upya. Kwa thamani hiyo mkopo ni asilimia 45 tu. Nikithaminisha kwa mapato, nikichukulia kwamba mnunuzi wa jengo la aina hii atataka limrudishie asilimia 12 kwa mwaka, thamani inakuwa bilioni 1.68 na mkopo ni asilimia 59. Akitaka asilimia 14, thamani inashuka hadi bilioni 1.44. Hata hapo, kwa macho ya dhamana peke yake, mkopo umekaa vizuri.

Niliipeleka karatasi hii kwa mama mmoja wa Sakina, jirani yetu wa zamani, ambaye alikuwa afisa mikopo miaka mingi kabla ya kustaafu. Baada ya shikamoo na chai alivaa miwani, akasoma ukurasa wote bila kusema neno, kisha akaweka kidole kwenye bilioni 2.2.

“Mwanangu, hii italipa rejesho la Machi?”

Nikasema hapana mama, litalipwa na kodi.

“Basi anza na kodi. Hiyo dhamana ni ya siku mambo yameharibika. Wasaili wako watakuwekea thamani kubwa makusudi, waone kama utaegemea hapo.”

Ushauri huo umebadilisha mpangilio wa ukurasa wangu. Nilikuwa nimeweka thamani juu kwa kufuata ripoti ya mthamini. Sasa mstari wa kwanza ni nani analipa, wa pili analipa kiasi gani, wa tatu kwa muda gani. Thamani inakuja baadaye.

Kisha nikarudi nyuma kutoka kwenye uwiano ninaoutaka. Kwa 1.3, milioni 202 zinabeba marejesho ya milioni 155 kwa mwaka, na hayo yanabeba mkopo wa takriban milioni 800. Nikajaribu kumsaidia mkopaji kwa kurefusha muda hadi miaka 12 na bilioni yake nzima: uwiano ukapanda hadi 1.12 tu. Kwa riba ya asilimia 15, miaka miwili zaidi haimwokoi mtu, kwa kuwa sehemu kubwa ya rejesho la mwanzo ni riba. Hili nitalisema mbele ya jopo hata nisipoulizwa. Kurefusha muda ndilo pendekezo la kwanza linalomjia kila mtu.

Ijumaa, mpangaji mkubwa

Leo nimekaa na swali moja siku nzima: mpangaji mkubwa akiondoka?

Kwenye faili langu shirika moja lisilo la kiserikali limechukua mita 480 za ofisi, asilimia 40 ya eneo la juu. Linalipa kwa wakati. Ufadhili wa mradi wake unaisha baada ya miaka mitatu, na mkopo ni wa miaka kumi.

Mji huu unalijua jambo hilo. AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, ilianzishwa 1978, baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, ikarithi majengo yaliyokusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya. Baadaye ikawapangisha wapangaji wawili ambao mwenye jengo yeyote angewatamani: sekretarieti ya Jumuiya mpya na Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994. Jumuiya ilizindua jengo lake yenyewe 2012. Mahakama ilifungwa 31 Desemba 2015, na chombo kilichorithi kazi zake kikahamia majengo yake Lakilaki mwaka uliofuata. Hakuna aliyefilisika, hakuna aliyegombana na mwenye nyumba. Mmoja alijenga kwake, mwingine kazi yake ilifika mwisho.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwisho huo ulikuwa umeandikwa. Azimio 1503 la Baraza la Usalama, la 2003, liliitaka mahakama ikamilishe kazi zote 2010. Ilichukua muda zaidi, lakini mchambuzi aliyekuwa akipitisha mkopo wa miaka kumi mwaka 2004, kwa jengo au nyumba za kupangisha zilizotegemea watumishi wa mahakama, alikuwa na karatasi ya kumwambia kwamba mpangaji wake ana tarehe ya kuondoka. Mpangaji wa Umoja wa Mataifa analipa vizuri kuliko wote, na bado si wa kudumu. Kwa hiyo kila mpangaji mkubwa namuulizia mambo mawili: ana uwezo wa kulipa? Na ana sababu ya kuendelea kuwa hapa mkopo ukiwa katikati?

Nikaingiza kwenye hesabu. Shirika likiondoka, milioni 69.1 za mwaka zinaondoka. Mapato ghafi yanashuka hadi milioni 247.7, baada ya asilimia 15 ya nafasi tupu, milioni 210.5. Gharama naziacha milioni 67.3 zile zile. Mlinzi hapunguziwi mshahara kwa sababu ghorofa ya pili imebaki tupu. Mapato halisi: milioni 143.2. Marejesho ya mkopo wa milioni 800 ni milioni 154.9. Uwiano 0.92.

Hapa nilifikiri nakataa mkopo. Kisha nikatazama pengo lenyewe: ni milioni 11.7 kwa mwaka, chini ya milioni moja kwa mwezi. Mkopaji akiweka akiba ya marejesho ya miezi mitatu, milioni 38.7, akaunti imefungwa tangu siku ya kwanza, akiba hiyo inaziba pengo kwa zaidi ya miaka mitatu. Ofisi za mita 480 Njiro zikikosa mpangaji kwa miaka mitatu kamili, kwa bei yoyote, basi tatizo ni kubwa kuliko mpangaji mmoja. Mkopo ambao ungekataliwa kwa 0.92 unaweza kupita ukifungwa vizuri. Nadhani hii ndiyo sehemu tamu ya kazi hii: kupata sharti linalozuia balaa bila kumfukuza mteja mzuri.

Riba nayo nimeipandisha hadi asilimia 17. Kwa milioni 800 uwiano unakuwa 1.21. Unavumilika.

Jumamosi, hati

Kwa ufupi, maana hapa sheria inaeleweka ukiisoma taratibu. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini; benki inachukua rehani ya haki ya kumiliki kwa muda, hadi miaka 99, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999. Kwanza natazama miaka iliyobaki kwenye hati na matumizi yaliyoandikwa: kiwanja cha makazi kilichojengwa fremu ni tatizo. Napekua kwa msajili kama kuna rehani nyingine au zuio. Ridhaa ya mwenzi wa ndoa naidai kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi zote zinailinda nyumba ya ndoa. Thamani iwe imetolewa na mthamini aliyesajiliwa, ikiwa na bei ya soko na bei ya kuuza kwa haraka. Mkopaji akishindwa kulipa, notisi ya siku 60 inatangulia kabla benki haijauza, na kesi ikifunguliwa muda unarefuka, huku riba inaendelea kuhesabika.

Shamba la Kisongo lenye hatimiliki ya kimila siliweki kwenye kapu moja na kiwanja cha mjini. Linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na wanaoweza kulinunua siku ya mnada ni wachache.

Jumapili jioni

Baada ya kanisa nimepitia mambo mawili ambayo mtu akiyapita haraka hesabu nzima inaanguka.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Je, ile shilingi 20,000 ya mkataba ina VAT ndani yake? Mwenye jengo aliyesajiliwa anatoza asilimia 18 kwa pango la biashara, na fedha hiyo ni ya TRA, mamlaka ya mapato, inapita tu mkononi mwake. Nikigawanya mapato kwa 1.18, mapato halisi yanashuka hadi milioni 160.9, na uwiano wa mkopo wa milioni 800 unakuwa 1.04. Neno moja kwenye mkataba limeufuta unafuu wote niliokuwa nimeujenga. Kwa hiyo kila mkataba nauanza kwenye kifungu cha malipo.

Dola. Ofisi nyingi za Arusha zimezoea mikataba ya dola, kwa ajili ya watalii na mashirika. Tangu kanuni za serikali za Machi 2025, bei na malipo ya ndani ya nchi ni kwa shilingi. Faili likija na kodi za dola, naandika sharti: mikataba ihuishwe iwe ya shilingi kabla fedha hazijatoka, na hesabu naifanya kwa shilingi iliyoandikwa humo. Kuongeza faida ya kupanda kwa dola ni kujipa mapato ambayo mkataba halali hautoi.

Jumatano, loji

Faili la pili: loji ndogo upande wa Tengeru. Kwa mwaka inabakiza milioni 240, marejesho ni milioni 180, uwiano 1.33. Kwenye karatasi ni mteja bora kuliko yule wa Njiro.

Nikaigawanya kwa miezi. Juni hadi Oktoba kumejaa, Desemba hadi Februari kuna watu, na masika ya Aprili na Mei vyumba vinalala vitupu huku wapishi na walinzi wanalipwa. Rejesho la milioni 15 kila mwezi litakwama Aprili mwaka wowote, hata mwaka mzuri. Pendekezo langu: Aprili na Mei alipe riba tu, na mtaji aufidie Julai hadi Oktoba.

Kisha 2020. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Mei 2020 BoT, yaani Benki Kuu, iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya walioathirika, lakini mkopo hauandikwi kwa kutegemea huruma ya aina hiyo. Kwa loji nataka uwiano wa 1.5 au zaidi, na mkopo usiozidi nusu ya thamani, kwa kuwa mwaka ambao mkopaji anashindwa kulipa ndio mwaka ambao hakuna anayenunua loji.

Mkopaji wa zoezi ameongeza mapato ya AFCON 2027, kwa vile Arusha inajengewa uwanja. Nimeyatoa. Nafurahi kama kila mtu hapa kwamba mashindano yanakuja, lakini ni ya takriban mwezi mmoja ndani ya mkopo wa miaka kumi.

Ijumaa, pendekezo

Usaili ni Jumatatu. Leo nimeandika pendekezo la jengo la Njiro nikijipimia muda kwa saa, kama nitakavyofanya siku yenyewe, nikalisoma kwa sauti mbele ya yule mama wa Sakina na kaka yangu, ambaye ni fundi umeme na hajui lolote la mikopo. Nilitaka aelewe na yeye. Alielewa, akauliza swali zuri: mkopaji anaitakia nini bilioni? Nimeliongeza mstari wa kwanza.

Hili hapa lilivyobaki:

“Mkopaji anaomba bilioni 1 kumalizia ghorofa la juu na kulipa deni la mkandarasi. Napendekeza milioni 800, miaka 10. Kodi ndizo zitakazolipa. Kwa kiasi hiki mapato halisi ni mara 1.3 ya marejesho, na kwa bilioni nzima ni mara 1.04 tu. Hatari kuu ni mpangaji mmoja mwenye asilimia 40 ya ofisi, ambaye ufadhili wake unaisha mwaka wa tatu. Masharti: akiba ya marejesho ya miezi mitatu kabla fedha hazijatoka, kodi zote zipite akaunti ya benki hii, mikataba iwe ya shilingi, ikionyesha wazi kama VAT imo, ridhaa ya mwenzi. Milioni 200 zilizobaki mkopaji azitoe mwenyewe, au aanze na deni la mkandarasi na kuliacha ghorofa la juu hadi apate mpangaji aliyesaini. Mkopo ni asilimia 48 ya thamani inayotokana na mapato. Mkopaji akikataa akiba, napendekeza tusikopeshe.”

Mama aliniuliza maswali ya jopo kwa dakika kama ishirini. Gumu kuliko yote: “BoT ilishusha riba yake hadi 5.75 Julai 2025. Kwa nini wewe unamtoza mteja 15?” Nikamjibu kwamba ile ni riba ya BoT ya kuongoza fedha za muda mfupi kati ya mabenki, ya mteja inabeba gharama ya amana, hatari ya kutolipwa, na uendeshaji. Akataka nieleze inachukua muda gani kushuka kwa mteja, na kwa nini. Hilo ndilo nalisomea kesho.